Vitabu vya parokia vimeungua kingo na kulowa: tuanzie wapi?

Swali: Jambo Papa. Juzi usiku moto wa nyumba ya jirani ulifika kwenye maktaba ndogo ya parokia yetu hapa Bukavu. Vitabu vingi havikuteketea, ila kingo zimeungua, vingine vimelowa maji ya kuzimia moto, na vyote vimejaa masizi. Kuna katekisimu za zamani za lugha ya Mashi na rejista za ubatizo zilizoandikwa kwa mkono. Vijana wanataka kuvianika juani, na fundi wa kujalidi anasema atakata kingo zilizoungua. Tufanye nini?
Mtunza maktaba, Kadutu

Jibu: Jambo Mama, na poleni sana. Vijana wasianike kitu, na fundi aweke kisu chini kwanza. Adui wenu wa leo ni maji. Kwa unyevu wa Bukavu, kitabu kilicholowa huanza kuota kuvu ndani ya siku mbili tatu, nanyi mko siku ya pili. Huko Leningrad (leo St. Petersburg, Urusi), Februari 1988, maktaba ya Chuo cha Sayansi iliposhika moto, vitabu kama 400,000 viliteketea, lakini vilivyolowa vilizidi milioni 3.

Vilivyolowa chepechepe msivifungue wala kuvikamua. Kila kimoja kifungwe kwa karatasi nyeupe, kisha mfuko wa plastiki, kiingie kwenye friza. Waombeni akina mama wanaouza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, nafasi kwenye friza zao. Plastiki ikiwa mbili na imefungwa vizuri, harufu ya samaki haitaingia. Baridi haikaushi kitabu, ila inazuia kuvu na kuuzuia wino usisambae, nanyi mnapata muda wa kukausha vichache vichache. Zitangulie rejista zenye wino wa bluu au zambarau, maana huo hukimbia majini, na vitabu vya karatasi inayong'aa, ambavyo vikikauka vikiwa vimefungwa, kurasa hugandamana na hazibanduki tena.

Vyenye unyevu kidogo tu visimamisheni wima, majalada wazi kidogo, kivulini, madirisha yakiwa wazi na feni ikielekea ukutani. Wekeni karatasi nyeupe zinazonyonya maji kati ya kurasa, mbadilishe zikilowa. Gazeti hapana, wino wake utahamia kitabuni. Jua hukunja kurasa, hufifisha wino na kukaza ngozi ya jalada.

Masizi yana mafuta na asidi, kwa hiyo kitambaa chenye maji kinayasukuma ndani ya karatasi na hapo hayatoki tena. Hata kidole kinatosha kuacha doa la kudumu. Kitabu kikiwa kikavu, kibaneni kikiwa kimefungwa, msafishe kwanza kingo na jalada: brashi laini, na mashine ya kufyonza vumbi kwa nguvu ndogo, mdomo wake umefunikwa shashi. Kisha tumieni sifongo kavu ya mpira, ile ya kusafishia masizi. Pitisheni upande mmoja tu, kutoka mgongoni kwenda nje, bila kusugua huku na huku. Ikiwa nyeusi, kateni tabaka chafu muendelee na safi. Hapo ndipo mnafungua ukurasa wa kwanza. Vaeni barakoa na glavu muda wote.

Sasa kingo. Moto hauli sawasawa: pembe moja imeingia sana, nyingine imeguswa tu. Mashine ya kukatia ikinyoosha yote, inaondoka na karatasi nzima, mara nyingine na jina la mtoto aliyebatizwa. Weimar, Ujerumani, maktaba ya Anna Amalia iliungua tarehe 2 Septemba 2004. Vitabu 50,000 vilipotea na 62,000 viliharibika. Mafundi wa huko hawakukata. Waliosha kurasa moja moja, wakajaza sehemu zilizoliwa kwa nyuzi za karatasi, wakaziimarisha kwa karatasi ya Kijapani nyembamba kiasi kwamba maandishi yanasomeka chini yake.

Ninyi mnaweza kufanya sehemu ndogo ya hayo. Ukurasa unaomeguka ubebwe juu ya karatasi ngumu, upigwe picha, kisha ukingo ushikizwe kwa karatasi ya Kijapani na gundi ya methiliselulosi (unga wa gundi unaokorogwa kwa maji) iliyopakwa kidogo sana. Skochi na gundi nyeupe ya shule msitumie kamwe. Vipande vilivyodondoka viwekwe kwenye bahasha yenye namba ya ukurasa. Na kabla ya kusema ukurasa mweusi umekufa, uangazieni tochi kutoka ubavuni mkiugeuza polepole: mara nyingi wino hung'aa tofauti na karatasi iliyoungua, na jina linasomeka.

Msijaribu kuokoa vyote. Kitabu cha chapa ambacho nakala yake ipo kwingine kinaweza kungoja, hata kikipotea. Rejista ya ubatizo haina nakala. Mikono yenu yote iwe hapo kwanza, halafu katekisimu za Mashi.

Harufu ya moshi ni kazi ya mwisho: kitabu kikavu, kimefunguliwa kidogo, ndani ya sanduku lenye kifuniko, na makala safi (makaa yasiyowashwa) kwenye bakuli pembeni, yasikiguse.

Fundi wenu msimwache aende. Migongo mingi itakuwa imelegea, na kushona ni kazi yake, kurasa zikishakauka na kusafishwa.