Maswali kutoka dawati la utawala: majina, masurufu na saini

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wa kazi moja: wasaidizi wa utawala katika mashirika ya afya na maendeleo mkoani Kigoma, pamoja na vijana wa Tabora wanaoitafuta kazi hiyo. Nimekaa kwenye dawati hilo sehemu kubwa ya maisha yangu, na nilikojifunzia ni Tabora. Nimejibu kama ambavyo ningewajibu wanangu.

SWALI: Shikamoo mama. Nimemaliza uhazili Chuo cha Utumishi wa Umma, Tabora. Naona matangazo ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yanataka msaidizi wa utawala wa "G5". G ni nini, na cheti changu kinafaa? (Cheyo, Tabora)

JIBU: Marahaba mwanangu. G ni kundi la watumishi wa huduma za jumla. Linaanzia G1 hadi G7, na watu wake huajiriwa kutoka eneo lenyewe la kazi, tofauti na wataalamu wa kundi P wanaotafutwa dunia nzima. Nafasi nyingi za G zinadai elimu ya sekondari, kisha zinahesabu miaka ya uzoefu. Kwa hiyo cheti kinafaa, kinachokukwamisha ni miaka. Usisubiri uzoefu uje kutoka Dar es Salaam. Ofisi ya halmashauri, hospitali ya misheni, asasi ndogo inayopokea fedha kutoka shirika kubwa, kote huko kuna masjala, safari za kupanga na masurufu, yaani fedha za kazi unazopewa mapema kisha ukazitolea hesabu. Wapo pia Wanaojitolea wa Umoja wa Mataifa wa humu nchini. Hao hupewa posho ya kujikimu ya kila mwezi badala ya mshahara, lakini kazi yao inahesabika kama uzoefu.

Kabla ya usaili mara nyingi kuna mtihani wa kuandika: barua, muhtasari wa kikao, na jedwali la hesabu kwenye kompyuta lenye makosa ya kusahihisha. Sisi wa Tabora tulijivunia hatimkato, ule mwandiko wa alama fupi wa kunakili maneno ya msemaji, maneno 80 kwa dakika, na sijutii, kwa sababu mtu wa hatimkato huzoea kumsikiliza msemaji mpaka mwisho. Ila wengi niliowaona wakianguka waliangushwa na lile jedwali. Lifanyie mazoezi kila siku. Na katika usaili, wakikuambia "tupe mfano", usiwaambie huwa unafanya hivi na vile. Wasimulie siku moja, tatizo moja, ulichofanya wewe mwenyewe, na liliishaje.

SWALI: Nimepigiwa simu kwamba nimechaguliwa kazi ya shirika la kimataifa huko Kasulu, nitume laki moja na nusu ya uchunguzi wa afya. Nitume? (Nzega)

JIBU: Usitume hata senti. Mashirika ya Umoja wa Mataifa hayatozi fedha katika hatua yoyote ya ajira, iwe maombi, usaili, mafunzo au vipimo. Angalia na barua pepe waliyokuandikia: ya shirika huishia na anwani ya shirika lenyewe. Kama hukuomba kazi, huwezi kuwa umechaguliwa. Nenda polisi na namba hiyo, kwa sababu kesho atampigia mwingine.

SWALI: Mimi ni karani wa takwimu wilayani Uvinza. Kila kampeni ya chanjo ikiisha, wachanjaji wengine hulipwa kwa simu siku ya pili, wengine wanakaa mwezi mzima wakitupigia. Ofisi ya Kigoma mjini inasema "majina hayalingani". Tatizo ni nini hasa? (Uvinza)

JIBU: Swali hili limenigusa kuliko yote, kwa sababu ukilitazama kwa juu ni la karatasi, na ndani yake kuna mama aliyetembea vijiji vitatu na kibebeo cha chanjo begani.

Malipo ya simu yanakwenda kwa jina na namba. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, kwa hiyo jina linalotambulika ni lile la usajili. Mchanjaji anajiandikisha kwenu kwa jina analoitwa kijijini, au kwa jina la ndoa. Wengine laini zao zimesajiliwa na mume, kaka au mtoto, maana huku mpakani wapo waliokawia sana kupata namba ya NIDA. Hapo shirika linatuma, mfumo unalinganisha, unakataa. Ongeza na mwandiko wetu: Hamisi na Khamis, Zainabu na Zainab, sifuri iliyosomwa sita. Kosa moja la tarakimu na fedha inaingia kwa mtu wa Mbeya.

Dawa yake iko siku ya mafunzo, kabla hata boksi la chanjo halijafunguliwa. Usipitishe karatasi watu wajaze wenyewe. Kaa mezani, mwite mmoja mmoja, mwombe aangalie kwenye simu yake laini imesajiliwa kwa jina gani, uandike jina hilo herufi kwa herufi, kisha umsomee namba yake kwa sauti aithibitishe. Kama laini ni ya mtu mwingine, jina la mwenye laini liandikwe pembeni na mchanjaji asaini kwamba ndivyo anavyotaka, halafu uulize ofisi kama inakubali. Kuna ofisi zinazokataa kabisa, na ni afadhali ajue siku hiyo kuliko wiki ya tatu. Kwa watu hamsini utatumia saa mbili. Mratibu atakuhimiza uharakishe. Mwombe kwa adabu akuvumilie.

Septemba 2023 mikoa sita, Kigoma ikiwemo, ilitoa matone ya polio nyumba kwa nyumba baada ya ugonjwa kugundulika Rukwa. Katika kampeni ya siku nne hakuna muda wa kurudi nyuma kusahihisha jina. Na mchanjaji aliyezungushwa kuhusu posho yake, awamu ya pili hatakuja kwa moyo ule ule. Atapita nyumba za barabarani na kuziacha za bondeni.

SWALI: Wageni kutoka makao makuu wanakuja kutembelea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nianzie wapi? (Kigoma mjini)

JIBU: Anzia kwenye kibali, tiketi baadaye. Kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi kupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, na Mkuu wa Kambi awe na taarifa kabla gari halijafika getini. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, pamoja na dereva na namba ya gari. Dereva husahaulika sana, naye ndiye anayebaki getini juani. Wakipita mkoani, barua iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Mambo ya afya, nakala kwa Mganga Mkuu wa Mkoa.

SWALI: Shikamoo mama. Tulifanya semina ya siku tatu hapa Kibondo, wakahudhuria watu 32. Baadaye bosi akanipa karatasi ya posho yenye majina 40, tayari yamesainiwa, niandike "imehakikiwa" na niweke jina langu. Mkataba wangu ni wa miezi sita na nina watoto wawili. Nifanyeje? (Kibondo)

JIBU: Marahaba. Usiandike.

Najua ninachokuomba. Miaka yangu ya mwanzo, katika ofisi ambayo sitaitaja, nilihakiki karatasi ya namna hiyo. Sikupata hata shilingi. Niliona aibu tu kumbishia mtu mzima aliyenipokea vizuri. Miezi saba baadaye akaja mkaguzi, akakaa na simu chumbani kwetu na kuwapigia waliosainiwa mmoja baada ya mwingine. Wa nne alikuwa amefariki kabla ya semina, simu akapokea mkewe. Yule mama akadhani ofisi imempigia kumletea haki ya marehemu, akaanza kushukuru. Nilikuwa nimekaa pale pale nikimsikia. Nilipewa onyo la maandishi, na nililistahili.

"Imehakikiwa" maana yake niliwaona, au nimelinganisha na orodha ya mahudhurio ya kila siku. Basi fanya hilo hilo. Leo hii mwandikie bosi barua pepe fupi isiyo na shutuma: "Orodha ya mahudhurio ya siku zote tatu ina watu 32, karatasi ya posho ina 40. Naomba mwongozo kuhusu majina nane yafuatayo kabla sijahakiki." Barua ya namna hiyo inampa nafasi ya kurudi nyuma bila kuaibika. Anaweza kusema ilichukuliwa orodha ya zamani, nawe upokee jibu hilo kwa heshima na uandae karatasi mpya. Akikujibu kwa mdomo kwamba usaini tu, mwombe akuandikie. Akikutisha, shirika lako lina njia ya kuripoti udanganyifu isiyopita ofisi ya Kibondo, hata bila kutaja jina. Itumie. Hifadhi nakala ya barua yako na tarehe. Karatasi zenye majina na namba za simu za washiriki usizibebe nyumbani.

Siwezi kukuahidi kwamba mkataba utaongezwa. Ninachojua ni kwamba bosi akihamishwa, karatasi inabaki na jina lako.

SWALI: Nilipewa masurufu ya safari ya Kagunga. Mwenye boti hana mashine ya EFD ya kutoa risiti za kodi, mama lishe hana, gesti ina kitabu cha risiti cha dukani. Mhasibu anakataa kila kitu, na mwenzangu ananiambia ninunue risiti mjini. (Gungu, Kigoma)

JIBU: Risiti ya kununua ni uongo ulioandikwa, na hiyo itakufukuzisha kazi kwa haki. Lakini mhasibu naye anapaswa kujua Kagunga ni wapi. Kijiji kiko ukingoni mwa ziwa, mpakani na Burundi, na watu huingia na kutoka kwa boti. Mei 2015, maelfu ya wakimbizi walipojazana ufukweni hapo na kipindupindu kikazuka, meli ya Liemba ilisimama majini na watu wakapelekwa kwake kwa boti ndogo. Pale hukuwa ukimwuliza mwenye boti mashine ya risiti.

Zungumza na mhasibu kabla ya safari. Mwandikie kwamba njia hii haina huduma yenye EFD, pendekeza kitakachotumika badala yake, upate kibali cha meneja kwa maandishi. Chukua kitabu cha hati za malipo chenye namba za mfululizo. Kila unapolipa, mpokeaji aandike jina kamili, namba ya simu, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, huduma, tarehe, asaini au aweke dole gumba. Ukiweza mlipe kwa simu, ujumbe wa muamala ni ushahidi mzuri. Maelezo ya safari andika usiku ule ule gesti, usingoje kurudi Kigoma. Gesti yenye mauzo ya kutosha na inayokwepa mashine ni jambo jingine. Hiyo iambieni wazi kwamba safari ijayo mtalala penye risiti.

Kwa safari uliyokwisha kufanya, andika maelezo ya kweli, weka namba za watu uliowalipa, mhasibu awapigie. Kiasi kisichothibitika huenda ukakilipa kutoka mfukoni mwako. Inauma, lakini inakwisha.

SWALI: Mimi ni mwanaume, nimepata kazi ya katibu muhtasi. Ndugu wa Kasulu wananicheka. (Mwanga, Kigoma)

JIBU: Ndugu wakija mjini wana shida ya barua, watakutafuta wewe. Fanya kazi yako, baba.

SWALI: Mradi wetu ulifungwa mfadhili aliposimamisha fedha. Tulipewa barua ya mistari minne. Nina haki gani, na nianzie wapi? (Kakonko)

JIBU: Pole sana. Tangu Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na shirika lake la misaada, USAID, likafungwa Julai 1 mwaka huo, nimesoma barua nyingi kama yako, nyingi kutoka wilaya zenye kambi.

Kwanza tazama mwajiri wako ni nani. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yana kinga ya kisheria na taratibu zake za ndani za rufaa, kwa hiyo soma kanuni zao na mkataba wako. Kama uliajiriwa na asasi ya Tanzania au shirika lililosajiliwa nchini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakuhusu. Tazama pia kama mkataba uliisha kwa tarehe yake au ulikatishwa katikati, kwa kuwa haki hazilingani. Ukikatishwa, mtu anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28 au malipo badala yake, pamoja na likizo ambayo hukuichukua. Kiinua mgongo kwa aliyetimiza mwaka na kuachishwa ni angalau mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, isiyozidi miaka kumi. Ukiona umeonewa katika kuachishwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inataka malalamiko ndani ya siku 30. Hesabu kuanzia tarehe ya kuachishwa, na usizimalize ukisubiri mradi ufufuke. Nenda pia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ukaulizie fao la kukosa ajira.

Halafu kuna karatasi moja ambayo watu wanaiacha kwa huzuni: hati ya utumishi. Sheria inamtaka mwajiri akupe. Ifuate kabla ofisi haijafungwa na bosi hajarudi kwao, na mwombe aandike kazi zenyewe: masjala, ununuzi, safari, masurufu, idadi ya magari uliyoyaratibu. Hati inayosema tu "alikuwa msaidizi wa utawala" haitakusaidia kwenye ule mtihani wa G5. Kama ofisi imeshafungwa, nitumie jina la cheo chako na kazi ulizofanya, nikusaidie kuandika rasimu ambayo bosi wako ataisoma huko aliko na kuisaini.