Mpangaji anachelewesha kodi: je, naruhusiwa kumtoza faini au kumpigia kufuli?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Nina nyumba ya vyumba sita Temeke, kila chumba 80,000 kwa mwezi. Wapangaji wawili wanachelewesha kodi kila mara. Jirani kanishauri niandike kwenye mkataba faini ya 2,000 kwa kila siku ya kuchelewa, na atakayefikisha miezi miwili nimpigie kufuli na kushika TV yake mpaka alipe. Mmoja ana kazi nzuri tu, mwingine amepunguzwa kazini. Dini inasemaje?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Kodi ni haki yako na kuidai si aibu. Lakini ushauri wa jirani yako una haramu mbili ndani yake, na ya kwanza ni nzito kuliko watu wanavyodhani.

Tuanze na faini. Kodi ikifika tarehe yake isilipwe, imeshakuwa deni shingoni mwa mpangaji, na deni halizai kwa kupita siku. Mtu akichelewa siku 30, faini yako imefika 60,000, robo tatu ya kodi yenyewe, na hukumpa chochote cha ziada isipokuwa kumngoja. Hiyo ndiyo riba ya zama za Jahiliya: ama ulipe, ama uongeze. Utaambiwa kwamba mpangaji amesaini mwenyewe na Waislamu hushikamana na masharti yao. Hadithi hiyo ina kipande cha pili ambacho wengi hawakifikishi: isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikataa sharti la fidia juu ya deni lililocheleweshwa mwaka 1990, na mwaka 2000 liliporuhusu sharti la faini katika mikataba ya mali, liliitoa nje mikataba ambayo wajibu wake wa asili ni deni.

Usichanganye hilo na siku anazokaa ndani baada ya mkataba kwisha. Hizo anadaiwa, kwa kodi ya mfano, yaani kodi ya chumba kama hicho mtaani kwako. Kwa 80,000 ni kama 2,670 kwa siku. Ni nyingi kuliko ile faini, na bado ni halali, kwa sababu unalipwa chumba. Ile 2,000 ulikuwa unalipwa kungoja.

Wengine hukwepa kwa kuandika "kodi 85,000, ukiwahi kabla ya tarehe 5 ni 80,000". Hapo bei ni mbili ndani ya mkataba mmoja na faini imevalishwa kanzu. Kama mtu akiwahi nawe ukamsamehe elfu tano kwa hiari yako, bila kuandikiana wala kuahidiana, hakuna ubaya.

Sasa kufuli. Katika kodi unauza manufaa ya chumba, na kukabidhi manufaa ni juu yako. Imamu Nawawi, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ameandika wazi kuwa mwenye nyumba analazimika kumkabidhi mpangaji ufunguo. Ukimfungia nje siku kumi ndani ya muda wa mkataba, kodi ya siku hizo kumi huna haki ya kuidai. Huwezi kuzuia bidhaa kisha ukadai bei yake. Na kuingia chumbani mwake bila idhini, hata kama ukuta ni wako, kunagusa aya ya 27 ya Suratun-Nur, kwani hapo ni nyumbani kwake mpaka muda uishe. Umeme ni hivyo hivyo: kama mkataba unahusisha umeme, kumkatia ni kupunguza ulichomuuzia. Kama mnachangia LUKU moja, mchango asioutoa ni deni lingine, lidaiwe peke yake. (Na kwa kuwa tumefika hapo: ukikusanya 15,000 za umeme ukanunua uniti za 10,000 kimyakimya, umefanya hiyana. Katika fedha hizo wewe ni wakili wao tu.)

TV usiishike kwa nguvu. Wanazuoni wa Kishafi wana mlango wa mtu kuchukua haki yake katika mali ya anayemkana, kwa masharti yake, lakini mlango huo haumhusu anayekiri deni na hana. Kinachofaa ni rehani, nayo huwa kwa makubaliano: anakukabidhi TV kwa ridhaa yake, deni likikwama inauzwa kwa idhini yake au kwa amri ya hakimu, kinachozidi anarudishiwa. Na wakati iko kwako usiiwashe kutazamia mpira.

Dawa ya ucheleweshaji iko kwenye mkataba kabla ya ufunguo kutoka mkononi mwako. Kwa Washafi, kusema tu "kila mwezi 80,000" bila kutaja muda hakusihi katika kauli iliyo sahihi zaidi, kwa kuwa muda haujulikani, na anayekaa hivyo hudaiwa kodi ya mfano. Basi andika: miezi sita, kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani, kodi jumla 480,000. Unaruhusiwa kuitaka yote mbele, au miezi mitatu mitatu. Taja siku ya kulipa, na kama ni kwa simu, nani anabeba makato ya kutolea. Jambo dogo hili ndilo linaloleta maneno kila mwezi. Dai mdhamini mwenye kipato, asaini naye. Kila malipo yawe na risiti.

Ukichukua kodi mbele, jua kwamba hujaimiliki kwa utulivu wote. Mafuriko yakibomoa chumba baada ya miezi minne, mkataba umevunjika kwa muda uliobaki na unarudisha 160,000. Paa likivuja, matengenezo ni juu yako, na usipoyafanya mpangaji ana hiari ya kuvunja. Akihama mwenyewe kwa sababu zake, huwajibiki kurudisha kitu, ingawa kumkubalia avunje kuna fadhila kubwa.

Kuhusu wawili ulionao: mwenye kazi nzuri anaingia katika hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhulma. Mdai mbele ya mjumbe, ukishindwa mfikishe kwenye baraza linalohusika, na usimuongezee mkataba. Gharama halisi ulizotumia kufuatilia unaweza kuziomba mbele ya hakimu.

Aliyepunguzwa kazini, ikithibitika kwamba hana, ni wajibu kumsubiri, kwa aya ya 280 ya Suratul-Baqara. Lakini kumsubiri deni si kumpa makazi bure. Wengi huchanganya mambo haya, wakaishia kunung'unika na kumtukana mtu usiku. Kaeni naye, mkubaliane kuvunja mkataba au asubiriwe muda wake uishe, umpe notisi kwa utaratibu wa sheria, ahame, na deni la miezi iliyopita libaki limeandikwa mpaka apate. Chumba kipangishe mwingine.

Ukitaka kumsaidia kwa zaka yako, usihesabu deni ulilomsamehe kuwa ndiyo zaka. Kwa kauli yenye nguvu kwa Washafi haisihi. Mpe fedha mkononi kama fakiri au mwenye deni, bila kumshurutisha akurudishie. Akizipokea kisha akakulipa kodi kwa hizo hizo kwa hiari yake, zaka imetoka na deni limekwisha.

Wallahu a'lam.