Tumbo limepungua, mkono haujaambiwa

Karatasi niliyopewa siku ya kuruhusiwa hospitali, baada ya kukatwa tumbo ili nipungue uzito, ilikuwa ya kurasa mbili, na nilipofika nyumbani Tabata niliibandika kwenye mlango wa friji kwa selotepu. Siku mbili za mwanzo maji na supu iliyochujwa. Wiki mbili vya majimaji. Kisha vilivyosagwa, kisha vilaini, na kuanzia wiki ya saba au ya nane chakula cha kawaida, kidogo kidogo. Mpaka hapo sawa. Nikafika kwenye mifano: jibini ambayo sijawahi kuiona kwenye friji ya duka lolote mtaani kwetu, jeli isiyo na sukari, minofu ya samaki nisiyemjua. Ugali haumo. Wali haumo. Dagaa hawamo. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki jikoni, mkono mmoja umeshika tumbo, nikajiuliza aliyeichapa hii karatasi alidhani narudi kulala wapi.

Huu ni mwaka wa tatu. Niliingia chumba cha upasuaji nikiwa na kilo 131, leo nina 84, na haipiti wiki bila shoga au mdogo wa shoga kupiga simu: "Dada, hivi unakulaje?" Nimechoka kurudia, naandika mara moja. Mimi si daktari, na wako ndiye mwenye neno la mwisho kwa sababu ndiye anayejua alikukata nini. Ninachokijua mimi ni jiko.

Tuelewane kwanza. Mimi nilikatwa mfuko wa chakula kwa urefu, ikatolewa robo tatu na zaidi, kilichobaki kina umbo la ndizi na hakirudi kuwa kama zamani. Wengine hufanyiwa baipasi: unatengenezwa mfuko mdogo sana juu, unaunganishwa na utumbo mdogo, na chakula kinaruka sehemu kubwa ya njia yake ya kawaida. Hapa Dar watu wakisikia "kupunguza tumbo" wanawaza puto, kama yale yanayowekwa hospitali ya Mloganzila. Puto huingia kwa mdomo bila kukatwa popote, na baadaye hutolewa. Kama una puto, haya ninayoandika yasome tu kama hadithi, masharti yako muulize aliyekuwekea.

Siku za mwanzo kila mtu hudhani mateso ni njaa. Wala. Sehemu ile iliyokatwa ndiyo inayotoa kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa, kwa hiyo miezi ya kwanza unaweza kusahau kabisa kwamba hujala. Mateso ni maji. Ukiambiwa lita moja na nusu kwa siku unacheka, mpaka ugundue kwamba funda moja kubwa linakuuma kifua kama umemeza jiwe. Nilizembea. Siku ya tisa mkojo ukawa rangi ya chai, nikisimama naona giza, nikarudishwa kuwekewa dripu. Kosa langu mwenyewe.

Kilichonisaidia ni kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono ambavyo wauza kahawa hutembea wakivigonganisha. Kinaingia kama mililita 60. Kimoja kila robo saa, kwa vifunda vya ndege, na simu ikanikumbusha kwa kengele. Ukifanya hivyo kwa muda wa saa sita hadi saba umemaliza lita yako na nusu. Nilikuwa natembea nacho mpaka uani. Kutembea kwenyewe kunasaidia, maana hewa wanayokujaza tumboni wakati wa upasuaji wa matundu madogo hupanda na kuuma begani, na ukilala tu haiishi haraka.

Ila kuna maumivu ambayo si ya kutembelea. Homa, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, pumzi kukata, tumbo kuuma zaidi kila siku badala ya kupoa, mguu mmoja kuvimba: hapo humpigii dada simu, unarudi hospitali usiku huohuo. Na kutapika kila unachokunywa si "tumbo linazoea". Mwili unaishiwa maji upesi, na ukiendelea siku kadhaa vitamini B1 nayo inakwisha, ikikwisha inaumiza mishipa ya fahamu.

Wiki za majimaji niliishi kwa supu ya changu iliyochujwa kwa chujio la tui, maziwa yasiyo na mafuta mengi, na mtindi usio na sukari niliouzimua kwa maji. Wiki za kusagwa nikaingia kwenye choroko, maharage yaliyotolewa maganda, yai laini, samaki aliyepondwa kwa mchuzi. Kuku wa blenda nilijaribu mara moja. Ana sura ya saruji mbichi na ladha yake haiko mbali. Samaki ni rafiki mkubwa wa mtu aliyekatwa tumbo, na dagaa wa kusagwa unga ukiwachanganya kwenye mchuzi wa nyanya hutahitaji ile mikebe ya unga wa protini inayouzwa bei ya kodi ya chumba.

Sasa uji. Kila aliyekuja kunijulia hali alikuja na kopo la unga wa lishe: mtama, ulezi, karanga, soya, mchele, sijui na nini. Sina ugomvi na uji, umenilelea watoto watatu. Lakini kwa mtu kama mimi uji ni mtego, na mtori ni binamu yake. Vinateleza. Nyama inajaza kile kimfuko kwa vijiko vinne na kukaa, uji unapita kama mvua kwenye bati, unamaliza bakuli na unaweza kuongeza. Nilitakiwa kufikisha kama gramu 60 za protini kwa siku. Yai moja lina kama 6, kikombe cha maziwa kama 8, bakuli la uji mtupu wa sembe halifikishi hata 5. Ukijaza nafasi ndogo uliyonayo kwa uji, protini utaiweka wapi? Tena siku moja wifi alinitilia sukari kwa huruma, vijiko vitatu. Haikupita nusu saa nikalowa jasho, moyo unadunda, tumbo linakoroga, nikakimbilia choo. Sukari imemwagika kwenye utumbo kwa mpigo. Waliofanyiwa baipasi hilo huwapata zaidi, lakini hata sisi hatujasalimika.

Wiki ya nane, Jumapili, dada yangu alipika ugali, mlenda na samaki wa kuchoma. Nilinawa kama watu wengine, nikakaa mkekani. Mkono ukaenda wenyewe: ukamega, ukafinyanga, kidole gumba kikabonyeza kishimo cha kuchotea mlenda, yote hayo sijafikiri. Tonge lilelile la miaka arobaini. Nikatafuna mara tatu nne, nikameza. Nikafinyanga la pili. Kifua kikabana katikati, chini ya mfupa, kama mtu amenigongomelea kigingi. Mate yakaanza kujaa mdomoni, mazito, yana povu. Niliingia bafuni nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa dakika arobaini nikitema mate, huku shangazi anagonga mlango, "Mwanangu, kunywa maji kisukumike!" Usinywe. Maji juu ya kitu kilichokwama hayana pa kwenda ila kurudi yalikotoka, na yanarudi na vingine.

Nikiwa juu ya ile ndoo ndipo nilipoelewa kwamba daktari amekata tumbo, ila mkono hakuna aliyeuambia. Mkono una ukubwa wake wa tonge, una mwendo wake, unakumbuka sinia la watu sita ambapo ukichelewa unakuta ukoko. Kwa hiyo nikauachisha kazi. Miezi mitano sikula kwa mkono kabisa. Nilikula kwa kijiko cha chai, kwenye kisosi cha kikombe, na kila nikitia kijiko mdomoni nakiweka chini mpaka nimalize kutafuna. Kipande kiwe kama punje ya njegere. Tafuna mpaka kiwe uji, ukishindwa kukisaga kiteme, hakuna aibu. Mlo uchukue dakika ishirini hadi thelathini. Mwili wenyewe utakupa ishara ya kuacha, ila si ile ya zamani ya tumbo kutuna. Yangu ni pua: inaanza kutoka kamasi ghafla. Shoga yangu mmoja yeye ni kwikwi, moja tu. Kijiko kimoja baada ya ishara ndicho kinachokupeleka kwenye ndoo.

Jambo gumu zaidi kwangu lilikuwa mpangilio, na hapa malezi yetu yanapingana na karatasi ya hospitali moja kwa moja. Mimi nimelelewa kwamba anayekimbilia nyama ni mroho. Unakula ugali kwa mchuzi, nyama unaisogeza pembeni, unaila mwisho, na mara nyingine ni moja tu. Sasa natakiwa nianze na kitoweo, nifuate mboga za majani, na ugali uje mwisho kama nafasi ipo. Kwa kuwa karibu kila mara haipo, ugali unabaki. Mara ya kwanza kufanya hivyo mbele ya wakwe nilijisikia mwizi. Wali mkavu na mkate laini nao hukwama, mkate hasa, unageuka donge. Chapati niliweza baada ya miezi saba, robo, tena kavu.

Maji sinywi na chakula. Naacha nusu saa baada ya kula ndipo nainua kikombe, vinginevyo chakula kinasukumwa kabla hakijakushibisha. Soda niliaga, gesi yake inauma na sukari yake ndiyo ile ile ya wifi.

Vidonge nitavisema haraka ingawa si vya haraka, ni vya maisha yote. Vitamini za jumla, B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, kwa vipimo utakavyopangiwa. Chuma na kalsiamu usivimeze pamoja, vinagombana, viachanishe kwa muda wa saa mbili. Chai ya rangi nayo inazuia chuma, kwa hiyo ile chai ya baada ya chakula cha mchana ilibidi isogee mpaka alasiri. Damu napima kila mwaka, mwaka wa kwanza ilikuwa kila baada ya miezi michache. Diklofenaki na ibuprofeni zile za kununua duka la dawa kichwa kikiuma, usimeze kabla hujamuuliza daktari wako, hasa kama una baipasi, maana huleta vidonda. Mwezi wa nne nywele zilianza kutoka kwa mafungu. Nilisuka, nikafunga kilemba, zikaanza kurudi karibu na mwaka. Ukipunguza protini zinatoka zaidi. Na walio katika umri wa kuzaa, mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, mzungumzie uzazi wa mpango mapema, kwani vidonge vya kumeza vinaweza visifanye kazi vizuri baada ya baipasi.

Watu je? Mama mkwe alifika mwezi wa tatu na hotpoti ya pilau kutoka Tanga, kaamka alfajiri kuipika. Nilikula vipande vitatu vya nyama nikafunika. Akanyamaza, halafu akasema taratibu, "Mkwe wangu, mkono wangu umekuwa mchungu?" Mpaka hapo alikuwa hajui kitu, mimi na mume wangu tulificha. Nikamwambia palepale. Tangu siku hiyo akija ananichambulia samaki miiba kwa mikono yake, ananiwekea kwenye kisosi, na akiona mtu ananishurutisha kula anamfokea yeye. Mtaani, lakini, sikumwambia mtu, na nililipia: nguo zilipoanza kupwaya zikaenea habari kwamba nina ngoma, yaani Ukimwi. Kwenye msiba mmoja mama aliyekaa nyuma yangu hata hakushusha sauti. Sijui kama ningewaambia ingekuwa bora. Wangesema nimekata tumbo kwa uzuri. Chagua watu wawili watatu wa ndani ya nyumba wajue kila kitu, hao ndio watakaokutetea kwenye sinia.

Ramadhani ya kwanza ilinikuta na miezi minne na daktari alinikataza kufunga. Nililia, kwa kweli. Lakini piga hesabu: lita moja na nusu kwa vikombe vya kahawa, kati ya magharibi na alfajiri, na bado vidonge na protini, utalala saa ngapi? Mwaka uliofuata aliniruhusu, nikafunga na nikaanza kulipa. Nafuturu kwa tende nusu na supu, naswali, ndipo nakaa kula.

Njaa ilirudi mwaka wa pili. Hakuna aliyeniambia kwamba itarudi, au waliniambia sikusikia. Haikurudi kwa ugali, ilirudi kwa kashata, visheti na biskuti za watoto, vitu vinavyoyeyuka na havijazi. Kilo nne zilipanda kabla sijajikamata. Nikarudi kwenye kisosi na kijiko cha chai kama wiki ya nane, na visheti vikahamia kabati la juu ambalo silifikii bila kiti.

Ugali sasa naula. Matonge mawili, madogo, mwisho kabisa baada ya samaki, na nimeruhusu mkono urudi kazini. Anayenisimamia ni mwanangu wa mwisho, ana miaka tisa. Akiona nimefinyanga kubwa hasemi kitu, ananitazama tu, nami nalikata nusu nairudisha sahanini.