Barua kwa mwanangu: kurasa 20, jumla 21

Mwanangu Neema,

Umeniuliza mbona kijitabu cha ufugaji wa kuku cha kikundi chenu, ukikikunja, ukurasa wa 1 unafuatwa na wa 4, na kurasa nyingine zimesimama kichwa chini. Faili lako nimelifungua. Umeanza na A4 ya kulala kwenye Scribus, ile programu ya kupanga kurasa za vitabu, ukazipanga kurasa mbilimbili kwa mkono. Ukiongeza aya moja tu kwenye chanjo ya kideri, maneno yanayosukumwa yanatakiwa kuhamia karatasi nyingine kabisa, na kila kitu kinavurugika.

Ndani ya programu, kurasa zifuatane kama msomaji atakavyozisoma. Kuzigawa kwenye karatasi ni kazi ya mwisho, na hiyo waachie kompyuta.

Kabla ya kompyuta, chukua A4 tano tupu, zikunje pamoja katikati, uandike namba kwa penseli toka mbele hadi nyuma. Zitafika 20. Wewe una kurasa 18, na kijitabu cha kukunja hakikubali 18: kila karatasi inatoa kurasa nne, kwa hiyo ni 16 au 20. Mbili zinazobaki usizijaze maua. Weka jedwali la tarehe za chanjo na la mayai ya kila siku. Mfugaji atalifungua hilo kuliko maelezo yote. Sasa zikunjue: karatasi ya nje ina 20 na 1, nyuma yake 2 na 19. Inayofuata ina 18 na 3, nyuma 4 na 17. Katikati kabisa ni 10 na 11. Kila jozi jumla yake ni 21, na namba witiri hukaa kulia. Jozi isiyotoa 21 imekosewa, huna haja ya kutafuta zaidi.

Faili jipya liwe A5 ya kusimama, milimita 148 kwa 210, kurasa zinazotazamana, ya kwanza kulia. Pambizo ya ndani milimita 18, nje 14, chini 18. Herufi za pointi 11 zinatosha, mistari iachane pointi 14. Visanduku vya maandishi viunganishe kimoja hadi kingine ili maneno yatiririke, na namba za ukurasa ziweke kwenye ukurasa kiolezo, yaani ule ambao kilichomo hujirudia kwenye kurasa zote, usiziandike moja moja.

Picha: Scribus haimezi picha, inakumbuka tu ilipo. Ukihamisha folda, picha inapotea. Picha ya upana wa sentimita 12 inahitaji takriban pikseli 1,400 ili ichapwe vizuri. Anayekutumia kwa WhatsApp mwambie aitume kama hati, maana ikitumwa kawaida inabanwa.

Toa PDF ya ukurasa mmojammoja, fonti zikiwa ndani. Kwa kuwa kava unataka ya karatasi nene, toa faili mbili: moja ya kurasa 1, 2, 19 na 20, nyingine ya 3 hadi 18. Kwenye Adobe Reader, dirisha la kuchapa lina kitufe kilichoandikwa Booklet. Kibonyeze, uchague pande zote mbili na ufungaji wa kushoto. Kurasa zako za kichwa chini zimetokana na printa kugeuza karatasi kwa ukingo mrefu. Kwa kijitabu hugeuzwa kwa ukingo mfupi. Printa isiyochapa pande mbili, chapa mbele zote, kisha rudisha karatasi uchape nyuma. Jaribu nakala moja kwanza, na karatasi zilizotoka na joto ziache zipoe. Zikiwa zimejikunja printa huvuta mbili kwa pamoja.

Rangi ya kava usiifikishe ukingoni. Printa ya kawaida huacha milimita chache nyeupe pembeni, na utaonekana umekosea kupima. Acha mpaka mweupe wa makusudi.

Nakala 60 zitakula karatasi 240 za gramu 80 na kava 60 za gramu 160. Ongeza kama kumi kwa zitakazoharibika. Nyuzinyuzi zilizomo ndani ya karatasi nyingi za A4 huenda kwa urefu, nawe mkunjo wako unazikatiza, ndiyo maana kava hupasuka mgongoni. Weka rula katikati, pitisha kalamu iliyokwisha wino ukikandamiza, ndipo ukunje.

Stepla ya mezani haifiki katikati ya A4. Azima ya mkono mrefu steshenari. Pini mbili, kila moja sentimita 5 toka ukingoni, zipigwe toka nje ili miguu ijifungie kwenye 10 na 11. Karatasi za ndani zitachomoza kidogo mbele ya kava. Zikate kwa pamoja milimita 2 baada ya kupiga pini, kamwe si kabla.

Ukikosa stepla hiyo, toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Sindano iingie tundu la kati kutoka ndani, nje ipande tundu la juu irudi ndani, iruke la kati itokee la chini, kisha irudi ndani kupitia la kati. Funga ncha mbili zikiubana uzi mrefu ulio katikati yao.

Baba yako