Kidole cha baba yako

Mwanangu,

Umeniuliza kama nikubali laini yangu mpya ya simu uisajili kwa kitambulisho chako, nisije nikasumbuliwa kaunta. Nitakujibu, ila kwanza tuongee habari ya kidole cha baba yako, maana wakati ule ulikuwa umeshahamia Mwanza na uliisikia nusu nusu.

Ilikuwa Januari 2020, siku chache kabla ya tarehe 20, ile siku ya mwisho ya kusajili laini kwa alama za vidole, waliyoisogeza kutoka Desemba. Namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, tarakimu zote 20, baba yako anaijua kwa kichwa. Akaambiwa weka gumba. Kaweka mara tatu, mashine imekataa. Basi yule kijana wa kaunta akaacha kumtazama, akamgeukia binamu yako aliyemsindikiza: "Cha mzee hakisomi, weka chako wewe." Na mzee yupo palepale, anasikia kila neno! Linaniuma mpaka leo.

Kidole hakijafa, kimechakaa kwa kazi. Saruji na chokaa miaka yote ile, unaijua mwenyewe. Mashine inasoma vituta vya ngozi. Uzeeni vituta hulala, ngozi hukauka, picha ikatoka hafifu na imekatikakatika. Kinachotakiwa ni dakika tano tu. Mzee anawe kwa maji ya uvuguvugu, apake mafuta kidogo, ayafute yasibaki ya kuteleza. Kioo cha mashine nacho kifutwe, na isikae juani. Kidole kilale bapa, si ncha peke yake, wala asikandamize kwa nguvu, kwani ngozi laini ikibanwa sana vituta hupotea kabisa. Gumba likikataa, ajaribu cha shahada, kisha mkono wa pili. Hina kwenye ncha za vidole nayo huleta taabu, kwa hiyo mimi wiki hii sipaki.

Nikiwaza tena, foleni ilifika barabarani, na huenda kijana hakufundishwa hayo. Lakini mtandao ulipokatika vijana waliokuwa kwenye foleni waliambiwa wasubiri kidogo, hawakuambiwa walete kidole cha mtu. Kama ilikuwa dharau au uchovu, sisemi. Naumeza tu ulimi.

Sasa laini. Ikiwa kwa jina lako, pesa iliyomo inahesabiwa yako, na laini ikipotea siwezi kuirudisha mpaka kidole chako kitoke Mwanza. Binamu yako hadi leo akipiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, anaona namba ya baba yako imo kwenye orodha yake. Mtu mzima anakaa kwenye orodha ya mtoto! Kidole hakijafa, nasema.

Ukija Ijumaa twende wote. Beba kitambaa laini na kichupa cha mafuta ya nazi. Usimame nyuma yangu, na wa kaunta akikuuliza wewe, nyamaza, nitajibu mimi.

Mama yako