Maswali yenu: Conan, mapanga na domo la mtafsiri

Tangu nigusie picha za zamani za mapanga na uchawi, simu yangu haijatulia. Nimechagua machache. Wanaoomba linki ya kupakua bure wasisubiri.

Kaka, nilimwekea mwanangu Conan, ile ya Arnold tuliyoishangilia banda la video pale Mwanjelwa. Nusu saa haijaisha, kasinzia. Vijana wa leo wana nini? (Uyole, Mbeya)

Mwanao hana tatizo. Wewe ndiye hukuwahi kuiona Conan, ulimwona mtafsiri, yule anayeisimulia picha kwa Kiswahili juu ya sauti yake. Bandani kimya hakiruhusiwi. Steringi akinyamaza, mtafsiri anamtungia maneno, anamtukania adui mama yake, watu wanacheka na siku inakwenda. Sasa John Milius, aliyeiongoza picha hii ya 1982, kaijaza kimya makusudi. Sehemu yote ya mwanzo maneno ni ya kuhesabu, na hadithi inabebwa na muziki wa Basil Poledouris.

Rudi pale kijiji kinapochomwa. Thulsa Doom, adui mkuu wa picha, anavua kofia ya chuma, anamkazia macho mama yake Conan, hasemi kitu. Mama anashusha upanga taratibu, mwenyewe, kama aliyelewa. Doom anageuka, unadhani anaondoka, kumbe anazungusha panga. Shingo huonyeshwi. Unaonyeshwa kiganja cha mama kikichomoka kwenye kiganja cha mtoto, na mtoto anautazama mkono wake uliobaki mtupu. Kisha lile gurudumu la watumwa: mtoto anasukuma, wenzake wanapungua mmoja mmoja, miaka inapita, uso unainuka na ni Arnold. Hapo mtafsiri wako alikuwa anasimulia nini? Nadhani bei ya mahindi Mbalizi.

Kwa hiyo usimlaumu kijana uliyemwekea picha ya namna hiyo kwenye spika ya simu. Ila nimtetee zaidi: picha yenyewe inayumba. Ina dakika 129, na haina pumzi ya dakika 129. Wizi wa kwenye mnara wa nyoka ni mtamu, vita ya mwisho kwenye makaburi ya kale ni tamu zaidi, lakini katikati kuna kutembea kwingi, mapenzi yaliyopikwa haraka na vichekesho vinavyodondoka chini. Anayekwambia picha hii haina kasoro anakumbuka ujana wake.

Yule adui, Thulsa Doom, ndiye mwenye sauti ya Mufasa? (Tukuyu)

Ndiye. James Earl Jones, sauti ya yule simba wa The Lion King, amefariki Septemba 2024.

Conan ya Grace Jones ni ya kwanza au ya pili? Na mbona Arnold kwenye Red Sonja hatumii jina la Conan? (Mafinga)

Hili nimeshalijibu hadi nimechoka. Andika ukutani. 1982: ya kwanza, ya Milius. 1984: ya pili, kaiongoza Richard Fleischer, humo ndimo mna Grace Jones na mcheza kikapu Wilt Chamberlain. 1985: Red Sonja, Fleischer huyohuyo, Arnold anaitwa Kalidor kwa sababu si Conan. 2011: Jason Momoa, Arnold hayumo kabisa. Mnachanganyikiwa kwa sababu ya zile CD za picha ishirini ndani ya moja, jalada la hii, ndani ile, na mwisho umekatwa ili zienee. Halafu mnaniandikia kwamba "Conan haina mwisho".

Kuna binti Thulsa Doom anampungia tu mkono, naye anajirusha kutoka juu mwambani. Si wametia chumvi mno? (Kihesa, Iringa)

Natamani ingekuwa chumvi. Mimi hilo ndilo naliona la kweli kuliko yote humo. Doom kugeuka nyoka ni kiini macho cha sinema. Kumwambia mtu afe naye akaenda ni habari ya magazeti. Shakahola, Kenya, 2023: wafuasi walifunga kula kwa amri ya mchungaji wao, ikafukuliwa miili zaidi ya 400. Na Doom hapigi kelele, hatoi jasho. Anaongea kwa upole. Sisi huku Nyanda za Juu tuna manabii kila kona, chupa ya maji inauzwa kwa bei ya debe la viazi, na tukiambiwa tuuze shamba tunauza. Ukisikia mtumishi anataka uvunje mawasiliano na ndugu zako, toka siku hiyohiyo. Usisubiri mwamba.

Shikamoo kaka. Mume wangu anasema hizi ni picha za wanaume, mwanamke hazimhusu. (Njombe)

Marahaba. Mwonyeshe Valeria, yule mwanamke mpiganaji wa picha ya 1982. Sandahl Bergman aliyemwigiza alikuwa mcheza dansi, na inaonekana: panga kwake linazunguka bila kukwama, wakati Arnold analibeba kwa misuli. Na kwa picha hii kachukua tuzo ya Golden Globe ya nyota mpya. Ila shemeji hajakosea kabisa: wanawake wengine humo wamewekwa wawe mapambo, na mavazi yao ni haba kuliko baridi ya Makete inavyoruhusu.

Nina banda Makambako. Mchana wateja wangu ni wanafunzi. Niwawekee ya kwanza au ya pili? (Makambako)

Hakuna. Kwanza mchana wanafunzi wanatakiwa wawe darasani, na wewe unajua. Pili, ile ya 1982 ina uchi na vichwa vinavyoviringika. Marekani kwenyewe walio chini ya miaka 17 hawaingii bila mzazi. Ya 1984 ililainishwa ili ivute watoto, na ndiyo maana haina meno, lakini damu imo. Bodi ya Filamu inapanga madaraja ya umri, kayasome kabla hawajakusomea wao.

Yule ngamia aliyepigwa ngumi na Conan alikufa? (Tunduma)

Alianguka tu. Vichwa vyote vile vimekatwa, wewe umemhurumia ngamia?