Lawar ya kuku, tena asubuhi

Wiki hii mmeuliza: ni chakula gani cha ugenini ambacho msafiri asiondoke bila kukionja? Jibu langu ni lawar ya kuku, yaani nyama na mboga zilizokatwakatwa zikachanganywa na nazi na viungo, kule Bali, kisiwa cha Indonesia, tena iliwe asubuhi. Nalitetea jibu hili kwa sababu wengi wa kwetu wanaokwenda Bali kwa fungate au mapumziko hula wali wa kukaanga wa hotelini tangu siku ya kufika mpaka siku ya kuondoka. Wamesikia kwamba wenyeji wengi ni Wahindu na kwamba sifa kubwa ya kisiwa ni babi guling, nguruwe mzima wa kubanikwa, basi wakaona hapana chao pale. Nguruwe yupo kweli, tena yupo sana. Lakini msingi wa jiko la Bali ni viungo, na viungo hivyo humwingia kuku, bata, samaki, hata majani ya muhogo.

Mchanganyiko wenyewe unaitwa base genep. Mtu wa Unguja au Pemba akiunusa atavitambua vingi vilivyomo: vitunguu vidogo vyekundu, thomu, tangawizi, manjano mbichi, mchaichai, pilipili, giligilani, pilipili manga, kungumanga, karafuu. Vigeni kwake ni vichache: kencur, mzizi mdogo wa ukoo wa tangawizi wenye harufu inayopanda puani, kemiri, kokwa ya mafuta inayoupa mchuzi uzito, na terasi, uduvi uliovundikwa ukasagwa. Karafuu tunazojivunia sisi asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki zaidi ya hapo, na ukipanda milima ya Munduk, kaskazini ya Bali, utazikuta zimeanikwa kando ya barabara.

Sasa lawar. Hiki ni chakula cha shughuli, na kwa desturi wapishi wake ni wanaume. Kunapokuwa na sherehe ya hekalu au ya nyumbani, wanaume wa mtaa hukusanyika kabla hakujapambazuka, wakakaa kwa safu, kila mmoja na ubao wake mnene na kisu kizito, wakaanza kukatakata. Kazi hiyo inaitwa mebat. Kunde changa au fenesi bichi huchemshwa na kukatwa vipande vidogo mno. Nazi huchomwa kwanza juu ya makaa mpaka nyama yake iingie rangi na itoe harufu ya moshi, ndipo ikunwe. Nyama hupondwa kwa kisu, ngozi iliyochemshwa ikakatwa nyembamba kama nyuzi. Vyote hukaa mbalimbali mpaka dakika ya mwisho, ndipo mzee mwenye mkono wake huvichanganya kwa vidole pamoja na base iliyokaangwa, vitunguu vilivyokauka kwa mafuta na pilipili, akaonja, akaongeza chumvi. Ukitia kinywani unakutana na moshi wa nazi, ubichi wa kunde, kisha ukali unaokuja taratibu. Mkesha wa Galungan, sikukuu inayorudi kila baada ya siku 210, kazi hii hufanyika kisiwa kizima.

Hapa msafiri awe macho. Ipo lawar nyekundu, inayotiwa damu mbichi, na ipo nyeupe, isiyotiwa. Weupe unakuhakikishia habari ya damu tu. Nyama yaweza kuwa ya nguruwe vile vile. Uliza "Ada babi?", maana yake kuna nguruwe? Kisha uliza na mafuta, "minyak babi", kwa sababu mboga isiyo na kipande cha nyama yaweza kuwa imekaangwa kwa mafuta yake. Anayeangalia na kuchinja kwenyewe atafute mkahawa ulioandikwa halal. Ipo mingi, na uandishi ni huo huo tunaoujua.

Wala usione haya kuuliza. Wabali wameishi na Waislamu karne nyingi. Gelgel, karibu na Klungkung, pana kijiji cha Waislamu cha tangu enzi za wafalme wa hapo. Loloan, upande wa magharibi, ni kwa vizazi vya Wabugis, watu wa bahari kutoka kisiwa cha Sulawesi. Pegayaman, milimani Buleleng, utakutana na Mwislamu anayeitwa Ketut au Wayan kama Mbali mwingine yeyote, kisha jina la Kiislamu likafuata. Watu hawa hupika kwa viungo vile vile, wakamwacha nguruwe.

Jambo la saa ni la lazima. Lawar haikai. Nazi na nyama vilivyoshikwa kwa mikono katika joto lile huharibika upesi, na wauzaji wazuri huwa wamemaliza kufika adhuhuri. Ukiikuta alasiri, iache.

Ukichelewa, kula betutu: kuku au bata aliyesuguliwa na kujazwa base, akafungwa kwa majani ya mgomba na ala pana za majani ya mpopoo, akafukiwa kwenye moto wa makapi ya mpunga kwa saa nyingi mpaka nyama ikaachana na mfupa. Ya kuku ni sifa ya Gilimanuk, bandari ya vivuko vya kwenda Java, na pilipili yake si ya mchezo. Pwani ya Lebih, Gianyar, kuna sate lilit ya samaki aliyepondwa na nazi, akabandikwa kwenye kijiti na kuchomwa.

Ukialikwa Karangasem, mashariki ya kisiwa, kwenye megibung, nenda. Watu hukaa kuzunguka sinia moja la wali, kwa desturi wanane, wakala kwa mkono wa kulia, kila mtu upande wake, na hakuna anayenyanyuka kabla ya wenziwe. Waislamu wa huko hula hivyo pia. Sisi tuliolelewa kwenye sinia hatuhitaji kufundishwa. Ila angalia unapokanyaga: chakula kikishaiva, kabla mtu hajaonja, mama wa nyumba huweka punje za wali juu ya vipande vya jani la mgomba, jikoni, kisimani na mlangoni. Hiyo ni sadaka yao, usiiruke wala kuipiga teke.

Na kwa aliye na wasiwasi bado, aanze na laklak sokoni alfajiri: unga wa mchele uliotiwa rangi ya kijani kwa majani, ukamiminwa kwenye vikalango vya udongo juu ya moto, ukanyunyiziwa nazi na sukari ya mnazi iliyoyeyushwa. Inapikwa mbele yako, na hapo huna la kumwuliza mpishi ila bei.

Msomaji wenu, Pemba